Pai ya Alhamisi

WILF: Haloo, Wilf Ormerod hapa. Nani mwenzangu anayepiga saa nne kamili asubuhi? Birika ndio kwanza linapiga mluzi.

NESTA: Samahani, Bwana Ormerod. Ni Nesta Hesketh, jirani yako. Hujambo?

WILF: Sijambo, Bi Hesketh. Mawingu hayo!

NESTA: Mawingu kweli. Ingawa jana yalizidi.

WILF: Ajabu, nakusikia mara mbili. Kwenye simu, halafu tena dirishani.

NESTA: Mtandao huo! Hivi... chemshabongo ya gazeti la Kiingereza umemaliza?

WILF: Limebaki neno moja. Kitenzi cha herufi nne, "kushikwa njiani". Nimeandika trap.

NESTA: La, hapana. Trap ni ya panya, lazima awepo aliyetega. Andika snag. Hiyo hakuna anayeitega. Unapita zako, mwiba unadaka sweta. Ukienda mbele uzi unafumuka, ukirudi nyuma — aaah!

WILF: Vipi tena?

NESTA: Si kitu! Samahani. Natoa mfano.

WILF: Mfano umeuma huo! S, n, a... imeingia sawasawa! Haya, acha nipange vikombe. Bi Pickup anakuja saa nne na robo.

NESTA: Mpiga kinanda wa kanisani? Kufanya nini?

WILF: Usinicheke. Nataka nimwombe twende wote kwenye dansi ya mavuno. Mtu anakuachia pai ya tufaha mlangoni kila Alhamisi, miezi minane, bila kujitaja—

NESTA: Amesema ni zake?

WILF: Nilimshukuru, akaona haya, akasema "si neno". Nikampa boga langu la maonyesho.

NESTA: Boga! Lile lililoshinda?

WILF: Lile lile. Mbona wapiga simu — ngoja. Bi Hesketh, mbona kichaka changu cha waridi kimevaa sweta ya kijani?

NESTA: Samahani sana kwa usumbufu.

WILF: Umenasa! Tangu saa ngapi?

NESTA: Saa tatu na nusu. Sikutaka kukukatiza ukila mayai yako.

WILF: Nusu saa nzima! Si ungeita, mama?

NESTA: Nipige kelele uani kwa mtu? Majirani wangesemaje?

WILF: Si ungejinasua basi!

NESTA: Kwa mikono gani? Mmoja una simu, mwingine una...

WILF: Una nini?

NESTA: Sahani.

WILF: Sahani ya nini? Bi Hesketh. Leo si Alhamisi?

NESTA: Simu inakatika, chaji imekwisha—

WILF: Haijakwisha, nakusikia dirishani! Usitikisike, naja na mkasi. Mkasi uko wapi—

NESTA: Bi Pickup huyo, anafungua geti! Kavaa kofia ya manyoya! Bwana Ormerod, samahani, nilitaka tu, yaani kama haitakuwa taabu, samahani—

WILF: Achana na samahani, mwanamke! Sema!

NESTA: Pai ni zangu, Wilf! Zote thelathini na nne! Nakupenda, na dansi twende mimi na wewe — na boga alirudishe!