Sina Ajira, Kazi Ninayo

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama na vijana, amani iwe kwenu. Mchungaji kaniomba nisirefushe, lakini mimi nilinyamaza muda mrefu sana, kwa hiyo leo mtanivumilia.

Mnanijua. Ni binti wa hapa hapa Ihanda, yule aliyesomea ustawi wa jamii. Niliporudi na cheti changu, baba yangu mdogo aliniuliza mbele za watu, "Yaani umesomea kuongea? Hata kasuku anaongea." Mkacheka. Na leo mnacheka tena! Chekeni tu, hasira nilishaimaliza.

Nikapata kazi kwenye mradi kule Kyerwa, kutembelea nyumba zenye wagonjwa wa akili. Ndugu zangu, nawaambia, mwanzoni niliingia na maswali yangu kama karani wa sensa. Kina mama wananijibu "tuko salama", kumbe mtoto amefungwa kamba nyuma ya nyumba. Nikaacha maswali. Nikawa nafika, nasalimia, naomba kisu, nakaa jikoni tunamenya ndizi pamoja. Mikono ikiwa na shughuli, maneno yanatoka yenyewe. Ndivyo mama mmoja wa Songambele alivyonieleza habari za mwanawe, aliyekuwa haongei na mtu na analala migombani. Tukampeleka hospitali, akaanza dawa, nikamfuatilia mpaka akasimama.

Kisha mradi ukafungwa. Tuliitwa, tukapewa soda na asante, tukarudi makwetu. Wagonjwa hawakufungwa pamoja na mradi, lakini hilo hakuna aliyeuliza.

Niliomba kazi kila zilipotangazwa. Huku nafasi hakuna, kule wanataka mwenye uzoefu kunizidi, kwingine hata jibu sikupata. Nikarudi kwa mama, nikaanguka. Silali, sili, sichani nywele, mlango nimeufunga mchana kutwa. Dalili zile zile nilizowafundisha watu, nikazikuta kitandani kwangu. Huko nje wanasema, "Kaambukizwa na vichaa wake." Ugonjwa huu hauambukizi! Nilitamani kutoka niwajibu, nguvu sina. Nilitamani nisiamke kabisa. Nalisema hapa kanisani, na sioni aibu.

Asubuhi moja nikasikia pikipiki uani. Ni yule mama wa Songambele, na dereva ni mwanawe, sasa ni bodaboda. Wameleta mkungu wa ndizi. Mama hakuniuliza kitu. Alimsalimia mama yangu, akaomba visu, akakaa mlangoni pa chumba changu, akaanza kumenya. Kisu cha pili akakiweka kizingitini.

Nilikitazama kile kisu. Nikajua kabisa anachonifanyia, maana ni mimi niliyemfanyia. Nikakasirika, nikalia, nikashuka kitandani, nikakichukua. Ndizi ya kwanza niliiharibu. Katikati ya ile ya pili nikamwambia, "Mama, nimekwisha. Sina kazi."

Akasema, "Jirani yangu ana binti, halali, anaongea na ukuta. Nimemwahidi nitakuja nawe. Lakini kwanza wewe uende hospitali. Kaoge."

Nikaoga. Nikatibiwa pale pale nilipokuwa nawapeleka wengine, kwenye benchi lile lile. Nilipopata nguvu nikaenda kwa yule binti. Toka hapo wananiita, kuanzia Songambele mpaka Kiruruma, na mimi naenda.

Sasa mnaoniuliza, "Bado hujaajiriwa?" Bado! Naishi kwa kahawa na maharage ya kibanja cha mama. Nafasi zikitangazwa naomba, wakininyima naomba tena, mpaka wachoke kuliona jina langu. Ajira ndiyo iliyochelewa. Kazi ipo, imejaa kwenye nyumba zenu, na mnajua. Na ninyi vijana mnaotaka kuisomea, someni. Asiwatishe mtu na kasuku wake.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama yangu, aliyeniletea uji kila siku bila kunisimanga. Namshukuru muuguzi aliyenipokea bila kushangaa. Yule mama na mwanawe sina la kuwalipa.

Nimalizie. Kuna mmoja amekaa humu ndani, amevaa vizuri, anatabasamu, na usiku halali. Sikutaji na sikuangalii. Ukinisikia uani kwako, usihangaike kutafuta maneno. Nitolee kisu tu.