Gatimu Theuri na Watu Wake wa Chokaa

Mchungaji, mama yetu Wakiuru, Ngendo na watoto, jamaa, majirani na nyote mliofika hapa Ruring'u leo, mimi ni Kingori, kaka mkubwa wa marehemu, na familia imenituma niwasomee historia yake, kazi niliyoikubali shingo upande, maana tangu utotoni nimesikia Gatimu akisifiwa na sasa natakiwa nimsifu mimi mwenyewe, tena kwa maikrofoni.

Gatimu Theuri alizaliwa tarehe 14 Machi 1981, katika shamba hili hili, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mama Wakiuru na marehemu mzee Theuri, na siku hiyo hiyo mimi, nikiwa na miaka mitatu, nikahamishwa kutoka kitanda cha mama, jambo ambalo kila mtu amelisahau isipokuwa mimi.

Alisoma shule ya msingi papa hapa Ruring'u kuanzia mwaka wa 1987 hadi 1994, na sekondari kuanzia 1995 hadi 1998, na ingawa mimi nilikuwa nikishika nambari mbili na yeye nambari kumi na tisa, wageni wakija hawakuonyeshwa ripoti yangu, walionyeshwa nyumba alizochora nyuma ya daftari lake la hesabu. Mwaka wa 2000 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu kozi ya ujenzi mwezi wa Novemba 2002.

Kuanzia 2003 hadi 2008 alikuwa Kagio akijenga maghala ya wafanyabiashara wa mazao, na huko ndiko alikochoshwa na kuona mchoraji na mjenzi wakirushiana lawama juu ya ukuta mmoja, kwa hivyo mwezi wa Mei 2009 akaungana na Dawud, mwashi wa Majengo, na Griffins, seremala, kisha Lynn, mchoraji wa ramani, wakawa timu moja inayochora nyumba na kuijenga yenyewe mpaka siku ya kukabidhi funguo. Kwa kila kazi, kabla Lynn hajashika penseli, wote wanne walienda kwa mwenye nyumba, wakala naye, wakauliza nani huamka kwanza na nani anaumwa magoti, kisha wakachora vyumba chini kwa chokaa, na familia ikaleta viti vyake ikakaa humo nusu siku, na palipobana mstari ukafutwa, ukasogezwa. Kukitokea kosa hawakuwa na wa kumnyooshea kidole, walisema kosa ni letu, wakarekebisha.

Tarehe 18 Desemba 2010 alifunga ndoa na Ngendo, na Mungu akawajalia Wendy, aliyezaliwa 2012, na Mwai, aliyezaliwa 2015.

Sasa naomba mnivumilie, kwa sababu hili halimo kwenye karatasi mliyo nayo. Mwaka wa 2016 nilijenga nyumba yangu, hiyo mnayoiona pale juu, na sikumwita ndugu yangu, kwa kuwa sikutaka mgeni aingie kwangu aseme hii ni kazi ya Gatimu, nikatafuta mchoraji wa mbali na mjenzi wa mbali zaidi, watu waliokutana mara moja tu, getini. Mchoraji aliamini shamba ni tambarare, mjenzi akafuata karatasi, na mlango wangu mkubwa ukatokea juu hewani, ikabidi ziongezwe ngazi tisa za saruji. Mama alizitazama akaniambia, "Kingori, hii nyumba yako ni mzuri, lakini haitaki magoti yangu." Gatimu aliniuliza tu, "Si ungeniita, brother?" nami nikakaa miezi minne bila kumsalimia.

Mwaka wa 2018 alijenga yake hapa chini, mama akaingia na kiti chake ndani ya chokaa, akahamia huko, na mimi kifungua mimba nikabaki na vyumba vitano vitupu na wivu, ndiyo, wivu, siutafutii jina lingine. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nyumba ile iliupa mgongo Mlima, ambao kila mtu hapa huuelekezea dirisha lake, na dirisha kubwa likaelekea kwangu, nikajiambia ameligeuza ili acheke ngazi zangu, nikapanda msururu wa miti ya misaiprasi kati yetu, ikakua, ikafunika.

Mwezi wa Agosti 2023 chakula kilianza kumkwama kooni, akapatikana na saratani ya umio, akatibiwa kwa subira kubwa, na Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa tano asubuhi, akatuacha. Hata hospitalini walioketi kando ya kitanda walikuwa Dawud, Griffins na Lynn, na hilo pia nililionea wivu.

Jumanne iliyopita Lynn aliniletea ramani ya nyumba ile tuiweke kwenye meza ya picha, na kwenye chumba cha mama nikakuta mwandiko wa Gatimu: "Dirisha liangalie geti ya Kingori. Mum anataka kumwona akitoka job." Nilimwendea mama na karatasi hiyo mkononi, naye akasema, "Ati hukuwa unajua? Nilikuwa nakuona kila jioni, mpaka hiyo miti yako ikamea."

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochota maji na kupika siku hizi zote, wateja wake, na timu yake, ambao jana walipima kaburi hili kwa chokaa na kulichimba kwa mikono yao wenyewe.

Dawud, Griffins, Lynn, nawaomba Jumatatu mje kwangu mle chakula, mje wote pamoja, mniulize nani anaumwa magoti. Mama, leo alfajiri nimekata miti sita, iliyobaki naimaliza kesho.

Na wewe Gatimu, ndugu yangu, uliyenijengea dirisha nikalifunika kwa miti, pumzika kwa amani.