Historia ya Orrin Teachout na Mashine Iliyojiendesha Yenyewe

Mchungaji, jamaa wa Vermont mliopasua theluji kufika, na nyinyi majirani wa Troy mliokuja kuhakikisha kwamba kweli amekufa, dada mkubwa wa marehemu anawasomea yale ambayo familia ilikubali yasomwe, na mawili matatu ambayo haikukubali.

Orrin Teachout alizaliwa tarehe 4 Machi 1811, Bennington, mtoto wa tatu wa seremala, kichwa chake kikamtesa mama siku mbili nzima, na mama alizoea kusema kwamba huyu alianza kuwasumbua wanawake kabla hajavuta pumzi.

Alisoma shule ya kijiji majira manne ya baridi, akawa hodari wa hesabu, na siku saa ya mwalimu ilipokutwa imefunguliwa vipande vipande, alichapwa mtoto wa jirani, Orrin akiwa amesimama pembeni, anatazama, mikono bado inanuka mafuta ya saa.

Mwaka 1828 alikwenda Albany kujifunza ufundi wa saa, na waya za telegrafu zilipofika huko mwaka 1846, aliwaona makarani wakihangaika na nukta na vistari, akaapa kuunda mashine yenye vibonye kama kinanda, ubonyeze herufi mji huu, ichapwe kwenye utepe wa karatasi mji ule. Mashine ilifanya kazi, hilo hatumnyimi, ila iliendeshwa kwa hewa ya kupulizwa, ikaila kama moto wa mhunzi, na pampu ya hewa hiyo ilitaka mtu wa kuzungusha gurudumu bila kupumzika.

Tarehe 12 Mei 1847 alimwoa Achsah Wetherbee, binti wa watengeneza siagi wa Hoosick, wanaume wengine huchagua macho, Orrin alichagua mikono, akamweka nyuma ya pazia na gurudumu lake, kisha akawaambia matajiri kwamba mashine inajiendesha yenyewe, maana matajiri hawapendi kununua kitu kinachotoka jasho.

Walijaliwa Lucina, mwaka 1848, na wa pili ndiye yule wa Utica. Tarehe 9 Oktoba 1850 mashine ilionyeshwa ukumbini huko, Achsah akiwa na mimba ya miezi saba, na katikati ya maonyesho hewa ikapungua, herufi zikaanza kufifia. Orrin akakohoa, maana kikohozi ndicho kilikuwa amri ya kuongeza kasi, akakohoa tena, akawaomba radhi wageni kwa koo lake, na nyuma ya pazia Achsah akanong'ona, "Baba Lucina, nadondoka."

Akamjibu bila kugeuza shingo, "Utadondoka tukimaliza."

Akazungusha mpaka mwisho, makofi yakapigwa, na jioni hiyo akajifungua mtoto wa kiume aliyekwisha kufa, akazikwa Utica bila jina, kwa sababu baba yake alikuwa karamuni anakula chaza.

Februari mwaka huu wa 1868 kiharusi kilimpiga marehemu, mdomo ukaenda upande, sauti ikapotea, mkono wa kushoto tu ukabaki mzima. Mashine ikaletwa kitandani, akawa anabonyeza MAJI, Achsah anazungusha, utepe unatoka, maji yanakuja, na hakumnyima maji hata siku moja, msimsingizie.

Jumapili ya tarehe 29 Novemba, Mama Sprague akiwa ameleta pai ya tufaha, Orrin alibonyeza polepole kuliko kawaida, utepe ukatoka: ACHSAH YULE MTOTO WETU WA UTICA. Achsah akausoma, akaliachia gurudumu. Orrin akaendelea kubonyeza, vibonye vinagonga, utepe umesimama, jicho moja linatoka machozi.

Mama Sprague akauliza, "Mbona umeacha, Mama Lucina? Si bado anaongea?"

"Kata pai, jirani. Inapoa."

Alibonyeza mpaka Jumanne, tarehe 1 Desemba, akafa kidole kikiwa juu ya kibonye.

Familia inamshukuru Daktari Van Slyck aliyemtibu kwa kumtoa damu bila kuchoka, Mama Sprague kwa pai na kwa kuieneza habari hii kabla yetu, na makarani wa telegrafu walioleta shada, ambao siku hizi husikiliza nukta na vistari kwa masikio tu, karatasi ya nini.

Orrin, ndugu yetu, yale uliyokuwa ukibonyeza mwishoni, mwambie mtoto mwenyewe huko uendako, ikiwa ndiko aliko. Pumzika kwa amani utakayoipata.