Orrin Tollefsrud na Bima ya Karakana ya Madirisha

Mchungaji Ellefson, wafiwa wenzangu, majirani wa Kvam Ridge na nyote mliokatiza theluji kufika kanisani asubuhi hii, mimi ni Nils Amdahl, mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake Solveig, na familia imenituma niwasomee maisha ya mjomba wangu kama yalivyokuwa, wala haikunituma niyapambe.

Marehemu Orrin Selmer Tollefsrud alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, katika shamba la ng'ombe wa maziwa nje kidogo ya mji huu, hapa Wisconsin, akiwa mtoto wa pili wa Selmer na Borghild Tollefsrud, ambao wote wametangulia. Alianza masomo mwaka 1952, akahitimu sekondari Mei 1964, na kwa kuwa sikio lake la kushoto lilikuwa zito tangu utotoni, jeshi lilimkataa, naye akaajiriwa Septemba mwaka huohuo katika karakana ya madirisha ya Haugstad, alikounga fremu za mwaloni hadi Agosti 2001, na nyingi kati ya nyumba mnakorudi leo zinazuia upepo kwa kazi ya mikono yake.

Tarehe 20 Juni 1970 alifunga ndoa na Darlene Pruess mbele ya madhabahu hii, wakajaliwa watoto wawili, Gayle mwaka 1972 na Curtis mwaka 1975. Alikuwa mtu asiyepokea kikombe cha pili cha kahawa, hata kwa dada yake, mpaka asihiwe mara tatu, sifa ambayo sisi watu wa hapa tunaiita adabu, na ambayo leo naona kinyaa kuisifu.

Naona kinyaa kwa sababu ndiyo iliyomuua, ikisaidiwa na wengine. Mwaka 1988, mke wa Milo Vesely, fundi wa kupaka vanishi katika karakana ile, aliugua figo, na kwa kuwa siku zile kampuni ya bima iliweza kuliadhibu kundi dogo la wafanyakazi kwa ugonjwa wa mmoja wao, ada ya kila mtu ilipanda, kisha bima yote ikafutwa. Hakuna aliyemtukana Milo, hatutukanani sisi, ila kila Ijumaa, wafanyakazi walipokwenda pamoja kula samaki wa kukaanga, kiti cha pembeni yake kilibaki wazi, mpaka mwenyewe akaacha kazi na kuhama mji. Mjomba aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini jimbo lilitunga sheria, kwamba mwajiri mdogo akiomba bima asikataliwe, na kundi lake lisifukuzwe wala lisikomolewe kwa kuwa mmoja wao ni mgonjwa, na kwa miaka kadhaa karakana ilikaa chini ya kivuli hicho. Mwezi Machi 2000 akaja wakala wa bima, Duane Rasch, na boksi la maandazi matamu, akawaambia, "Jamaa zangu, sheria za jimbo zinawalipisha magonjwa ya watu msiowajua, mimi nina chama cha wafanyabiashara kimesajiliwa jimbo la mbali huko, jiungeni, mtalipa nusu, na hakuna karani wa serikali atakayewachungulia." Verna Skaar, anayekata vioo, akamuuliza, "Na mtu akiugua kweli, huyo karani tutampata wapi?" Duane akacheka, akasema, "Mama, wewe unafikiria kuugua na maandazi mdomoni?" Watu wakacheka naye.

Ijumaa ya tarehe 24 Machi, mezani penye samaki na kabichi, mwenye karakana, Bwana Lowell Haugstad, aliwaomba wanyooshe mikono wanaotaka kuhamia chama hicho. Mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa mjomba wangu. Mwezi mmoja kabla, daktari alikuwa amegusa uvimbe shingoni mwake na kumwambia ni saratani ya tezi, nasi nyumbani tulijua, mezani pale hakuna aliyejua, naye alinyoosha mkono dhidi ya uhai wake ili asije akawa Milo wa pili.

Chama kile kilikataa kulipia matibabu, kwa maelezo kwamba ugonjwa ulikuwa mwilini mwake kabla ya kujiunga. Darlene alipiga simu katika ofisi ya jimbo inayosimamia bima, akajibiwa na mama mmoja mpole, "Pole sana, dada yangu, mngekuwa na bima ya kundi dogo ya jimbo hili ningewapigia hao watu sasa hivi, lakini mpango wenu hauko chini yetu." Akapiga simu katika jimbo kilikosajiliwa chama, akaambiwa arudi kwa jimbo lake. Mjomba akawa anaahirisha dawa za saratani za kutiwa mishipani, ili nyumba isiuzwe.

Njia moja ilibaki, nayo ilikuwa halali na wazi, karakana irudi kwenye bima ya jimbo, ambako sheria ingelazimu kundi lote lipokewe, naye akiwamo. Tarehe 9 Februari 2001, Ijumaa, Bwana Haugstad aliwaeleza wafanyakazi kwamba atarudi iwapo wengi watakubali kukatwa zaidi, kisha, mgonjwa akiwa ameketi pale pale, nywele zimemwisha, akaitisha tena mikono. Walitazama sahani zao. Mkono mmoja tu ulipanda, wa Verna, naye akasema kwa sauti, "Jamani, huyu ni Orrin! Mnaona aibu gani, ya kunyoosha au ya kutonyoosha?" Mjomba wangu akamshika kifundo cha mkono, akaushusha taratibu hadi mezani, akasema, "Acha, Verna, msijisumbue kwa ajili yangu, samaki wanapoa." Na wao, wanaume waliofanya naye kazi maisha yao yote, wakashukuru kuruhusiwa, wakaendelea kula.

Agosti aliposhindwa kutimiza saa za kazi aliondolewa katika orodha ya wafanyakazi, na Oktoba, mkwe wa Bwana Haugstad alipopata mimba yenye matatizo ambayo chama kile hakikuilipia, karakana ilirudi kwenye bima ya jimbo, bila kura, bila samaki, kwa siku moja, nayo ikapokewa kama sheria inavyoamuru. Mtoto amezaliwa salama, nasi tunafurahi kwa ajili yake, hana kosa. Mjomba hakuwa tena mmoja wa kundi. Alifariki nyumbani kwake Jumatano, tarehe 9 Januari 2002, mkono wake ukiwa katika mikono ya Darlene.

Familia inamshukuru Daktari Prasad na wauguzi wake, waliomtibu kwa hisani pale walipoweza, inawashukuru majirani waliomkamulia ng'ombe wake wachache na kusafisha njia ya gari bila kuitwa, inamshukuru mama yule wa ofisi ya jimbo, aliyepiga simu mara mbili nje ya kazi yake kuuliza hali ya mgonjwa, na miongoni mwa wafanyakazi wenzake inamshukuru Verna Skaar. Bwana Haugstad, uliyeketi benchi la tatu, umeomba upewe nafasi ya kusema machache kwa niaba ya karakana. Darlene amenituma nikujibu hapa, mbele ya watu, kwamba hapana.

Pumzika, Mjomba Orrin, kwa amani uliyowapa wengine wakati haikuwa haki yao, sasa humwongezei mtu yeyote ada.