Honi Haijalia Chiaureto

Duka la mwisho la kijiji cha Chiaureto lilifungwa mwenye duka alipohamia bondeni kwa binti yake, lakini benchi la mbele ya duka lilibaki, na wenye benchi nao wakabaki. Kila Ijumaa asubuhi Delfina alitoka na birika lake la kahawa akawamiminia wazee watatu waliosubiri gari la vyakula lipande mlima. Kulikuwa na Ottavio, aliyewahi kuwa diwani kwa muhula mmoja na tangu hapo akaitwa Waziri. Kulikuwa na Germano, aliyechunga nyumbu wa jeshi ujanani, naye ndiye Jenerali. Wa tatu ni Celso, mdogo wake Delfina mwenyewe, waliyemwita Sukari kwa jinsi alivyoitesa kahawa yake. Gari hilo lilileta mkate, unga wa mahindi wa kusongea polenta, mitungi ya gesi, na dawa kutoka famasia ya bondeni. Dereva alipiga honi akifika kona ya chini ya kanisa, basi kijiji kizima kikamwita Honi. Ijumaa hii jua lilikwisha kupita mnara wa kanisa, na konani kimya.

— Leo haji, alisema Waziri. Nawaambieni, haji.

— Kachelewa tu, Delfina akajibu.

— Honi hachelewi. Saa ya kanisa ndiyo inayochelewa.

Jenerali akanyanyua kidole.

— Mlima umeporomoka. Alfajiri nimesikia kishindo, buum! Upande wa Ripa, kijiji cha hapo chini. Theluji ikiyeyuka hivi, mawe yanashuka kama yameitwa harusini.

— Hicho kishindo ni wewe umeanguka kitandani, alisema Celso.

— Hata mbuzi wangu alisikia!

— Mbuzi wako ana masikio, Jenerali. Wewe unayo ya kuwekea kofia.

Wakacheka. Delfina naye alicheka, ila jicho lake halikutoka kwa mdogo wake. Asubuhi ile alikuta pakiti ya dawa za moyo za Celso kwenye pipa la taka, tupu. Alipomuuliza, Celso alisema anayo nyingine mfukoni mwa koti. Delfina akalipekua koti. Mlikuwa na leso na msumari.

— Nyinyi hamuoni mbali, Waziri akaendelea. Huu ni mpango. Walifunga shule, tukanyamaza. Wakafunga posta, tukanyamaza. Sasa wamemzuia Honi. Tukishashuka wote kwa njaa, kijiji wanawaachia mbwamwitu.

— Wao akina nani?

— Wao!

Waziri akanyoosha mkono juu. Kwa kuwa juu hakukuwa na kitu ila mlima, akaushusha, akaonyesha bondeni.

— Acha kutupiga kamba, bwana, alisema Celso. Honi kapata mwanamke. Yule mjane wa Ripa mwenye mapazia mekundu. Ijumaa iliyopita kashusha jibini zima pale kwake. Sisi tukaletewa vipande.

— Jibini ndilo ushahidi?

— Unataka ushahidi gani tena? Utaletewa cheti cha ndoa?

— Na kama yuko kwa mjane, Delfina akasema polepole, dawa za watu ziko wapi?

Celso akainamia kikombe.

— Dawa za nani, dada? Hapa hakuna mgonjwa. Nimiminie.

Delfina akammiminia nusu kikombe. Alikuwa anahesabu magari kichwani. Waziri alinyang'anywa leseni kwa sababu ya macho. Jenerali alikuwa na gari, lakini kuku walilihamia tangu msimu wa baridi, na kila akifungua mlango anapata mayai. Lililobaki ni la yule Mholanzi aliyenunua jengo la shule ya zamani, Femke. Lakini Femke hakuwa na mwaka kijijini, na Delfina hakuwa na mazoea ya kubisha mlango wa mtu kwa shida.

— Mimi nimekwisha jua, alisema Jenerali. Ni hao mbwamwitu. Wamekaa barabarani wakamzuia. Jeshini tulifundishwa: ukitaka kuteka kijiji, kata chakula kwanza.

— Kwani mbwamwitu wamepitia jeshini?

— Wamekula nyumbu wa jeshi wangapi? Elimu imeingia!

— Na wamefungwa mikanda shingoni yenye redio, Waziri akadakia. Mnadhani ile redio ni ya muziki? Wanapewa amri!

— Sawa, alisema Celso. Basi kama gari wanalo wao, walete wao. Mimi hata kwa mbwamwitu nitanunua, mradi asinipunje kwenye mizani.

Wakawa wanapayuka wote kwa pamoja, Jenerali amesimama, Waziri anapiga benchi, hata hawakumwona Femke akifika na kikapu kitupu.

— Honi bado?

Wakamweleza. Wakampa mlima, serikali, mjane na mbwamwitu, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Femke alisikiliza mpaka mwisho.

— Mmempigia simu?

— Simu hapa haishiki, mwanangu, alisema Waziri. Lazima upande makaburini.

— Nitapanda. Nipeni namba yake.

Wakatazamana.

— Basi nitampigia mtu wa bondeni amuulizie. Anaitwa nani?

— Honi.

— Jina lake.

Jenerali akaketi.

— Ana masharubu, akasema hatimaye.

— Na gari lake limechorwa paja la nguruwe, akaongeza Waziri, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

Delfina alihisi uso unawaka. Misimu mingapi ya baridi mtu yule amebeba mtungi wa gesi mpaka jikoni kwake, akanywa maji amesimama, akaondoka, naye Delfina hajamuuliza hata jina lake! Akaliweka birika chini.

— Femke, mwanangu, gari lako linawaka?

— Linawaka.

— Nishushe, tafadhali. Celso ameishiwa dawa za moyo.

— Dada!

— Kaa kimya. Na hiyo sukari iache.

Hawakufika mbali. Kabla ya Ripa, mahali barabara inapokaribiana na mto, gari jeupe lilikuwa limeegemea mtaro, gurudumu limezama kwenye tope la theluji. Honi alikuwa ameketi juu ya kreti la mkate, mguu mmoja ameunyoosha, kifundo kimevimba.

— Nimepiga honi mpaka betri ikafa! akapaza sauti alipowaona. Huko juu hamkunisikia?

Delfina akakumbuka kelele za kubishania mbwamwitu benchini.

Honi akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa mfuko wa famasia.

— Huu nimeuficha kifuani usilowe. Wa mdogo wako. Nilikuwa naanza kutambaa niulete.

Delfina akaupokea kwa mikono miwili.

— Baba, akasema, unaitwa nani?

— Eligio.

— Nisamehe, Eligio. Miaka yote hii sisi tunakuita Honi.

Eligio akakuna masharubu, akatazama pembeni kama mtu aliyekamatwa.

— Na wewe, mama, jina lako nani?

— Hulijui?

— La mdogo wako limeandikwa kwenye mfuko wa dawa. Wewe kwangu ni Mama Hamira. Kila Ijumaa hamira, hamira.

— Na yule mrefu, diwani wetu wa zamani, anayesema sana? Delfina akauliza.

— Anayerudisha jibini akishaling'ata?

— Huyohuyo. Unamwitaje?

Eligio akamtazama Femke, akamtazama Delfina, akatikisa kichwa.

— Hilo siwezi kulitamka mbele ya mgeni.

Delfina alicheka mpaka akakosa pa kushika, akaketi juu ya mikate ya kijiji kizima.