Mama Parafujo na Duara Tatu za Giza

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyehesabu misokoto ya mwanga. Naam, misokoto ya mwanga. Amezikwa wiki hii, na kule maabara kwake hakuna aliyethubutu kukalia kigoda chake.

Kigoda hicho alikichonga mumewe, ambaye ni seremala. Siku alipokipeleka, aliingia chumba cha ghorofa ya chini, madirisha yamezibwa kwa kitambaa cheusi. Akajikwaa kwenye waya, akaigonga meza.

"Polepole, baba watoto!" mkewe akafoka. "Ukiitikisa meza umeniharibia asubuhi nzima."

"Si uwashe taa tu, mke wangu, sote tuone?"

"Taa ikiwaka ndiyo sitaona kitu."

Walicheka mpaka mwenzake wa maabara, mama mmoja mcheshi, akatishia kuwafukuza wote wawili. Kisha mkewe akamwonyesha kazi yake. Mwale mwembamba wa leza ulikuwa umesokotwa kama parafujo. Ulipotua ukutani haukufanya nukta. Ulifanya bangili: mwanga kandokando, giza katikati.

"Kumbe kazi yetu ni moja," seremala akasema. "Mimi nakaza parafujo za mbao, wewe za mwanga."

Tangu siku hiyo jina likamganda. Mama Parafujo.

Wasikilizaji wapendwa, kuhesabu misokoto ya mwanga uliotulia si kazi ngumu sana. Mama Parafujo alitaka kuihesabu katika mwanga uliovurugwa. Aliupitisha kwenye kioo cha ukungu, kama kile cha dirisha la bafuni, kikizungushwa na mota ndogo. Ukishapita hapo, mawimbi yake yanashikamana nusunusu tu. Bangili inakufa. Linabaki doa lenye mabaka. Wenzake walisema msokoto umepotea.

"Haujapotea," alisema yeye. "Umejificha."

Kama angeweza kuuhesabu humo, basi hata ujumbe uliobebwa na mwanga kupitia hewa iliyochafuka ungeweza kusomeka. Njia yake ilikuwa hii. Kila nukta ya picha ailinganishe na nukta iliyo mkabala wake, ng'ambo ya kitovu. Msokoto ukiwapo, ulinganisho huo utachora duara za giza. Msokoto mmoja, duara moja. Misokoto mitatu, duara tatu. Yeye aliweka mitatu. Akapiga picha chungu nzima.

Duara hazikutokea.

Akawa anarudi nyumbani amenyong'onyea, viatu mkononi.

"Leo je?" mumewe anauliza.

"Doa tu, baba watoto. Doa."

Kisha ugonjwa wa damu ukamlaza hospitali. Mumewe anasema kilichomtesa zaidi hakikuwa sindano. Aliogopa kuondoka bila kujua kama alikuwa sahihi.

Alasiri moja seremala alikaa kando ya kitanda, akitafuta neno la kumfariji. Akasema, "Miaka yetu yote, mke wangu, ilikuwa mizuri."

"Usinijumlishie," akamjibu kwa sauti ya chini. "Nitajie siku moja."

Kabla hajaitaja, mkewe alimshika mkono. Macho yamemtoka.

"Mpigie mwenzangu simu. Nilizijumlisha! Nilizirundika picha zote kwanza ili zitakate, ndipo nikalinganisha. Ukizirundika, mabaka yanafutana, na msokoto umejificha humohumo. Mwambie alinganishe nukta za kila picha peke yake. Majibu ndiyo ayajumlishe."

"Kosa la mtu mpenda usafi," anasema seremala. Anatabasamu, kisha anajifuta uso kwa kiganja.

Siku mbili baadaye yule mama mcheshi akapiga simu. "Shemeji, zimetoka! Mwambie dada duara zimetoka!" Picha ikafika kwenye simu. Lakini macho ya Mama Parafujo hayakuwa na nguvu tena ya kufunguka.

Seremala akakichukua kiganja chake. Kwa kidole chenye sugu akachora duara ndogo. Akachora ya pili, ikaizunguka ile ya kwanza. Akasita. Kidole cha mkewe kikamgusa, kikingoja.

"Na ya tatu," akamwambia, akaichora.

Mama Parafujo akakifunga kiganja. Alifariki asubuhi iliyofuata, kikiwa bado kimefungwa.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole seremala. Tunawapa pole mabinti zao wawili. Tunampa pole yule mama mcheshi wa maabara, ambaye sasa anazungusha kioo kile peke yake. Mungu awatie nguvu.

Na wewe unayesikiliza, huenda nawe una mtu wako aliyeondoka. Usiseme tu kwamba alikuwa mwema. Hiyo ni jumla, na kwenye jumla mengi hufutika. Mtafutie siku moja, uitazame peke yake. Kisha nyingine.

Seremala ameshaanza. Ameanza na ile aliyojikwaa kwenye waya.