Siku Niliyompisha Wajina Mlangoni mwa Maabara

Amani kwenu nyote mliokaa hapa. Asanteni kwa kiti, magoti yangu hayataki tena kusimama. Nimeambiwa kanuni ya kikundi ni moja, hakuna kumtaja mtu. Mmenionea! Shule niliacha darasa la pili, lakini jina la mtu silisahau. Nawajua ninyi, baba zenu na babu zenu. Basi leo majina nitayameza, kama ninavyomeza dawa.

Dawa hii yetu ya virusi vya UKIMWI nilianza tukiwa wakimbizi Kitale, ndiko nilikookota hiki Kiswahili. Tuliporudi nchini kwetu nikaendelea nayo hapa mtaani Munuki. Kila asubuhi taarifa ya habari ikianza redioni, mimi namimina maji. Wakati huo sikuruka hata siku moja.

Sasa, kuna siku nilikwenda kliniki kutolewa damu ya kupima wingi wa virusi. Benchi limejaa. Pembeni yangu alikaa mama mmoja, wa kabila la Wabari kama mimi, tena wajina wangu kabisa. Mnatujua sisi Wabari, jina la mtoto linafuata zamu yake ya kuzaliwa. Ukiita jina langu sokoni, wanageuka wanawake kumi. Na ubatizo nao ukatupa jina moja. Tukacheka.

"Wajina, na mume wako naye alikuwa mlevi?" nikamuuliza.

"Kwani wako alikuwa na nafuu?"

Lakini alikuwa anatetemeka kwa homa. Jina letu likaitwa, na zamu ilikuwa yangu. Nikamwambia, "Ingia wewe, mimi nitangoja." Akaingia. Likaitwa tena, nikaingia mimi. Nilirudi nyumbani nimejaa furaha, najiona mtu mwema.

Majibu yalipokuja, mshauri wa kliniki alifunga mlango kwanza. Hapo nikajua.

"Haboba, bibi yetu, virusi vimepanda sana. Unaruka dawa?"

"Siruki."

"Wote husema hivyo."

Ndugu zangu, nawaambia, neno lile liliniuma kuliko sindano. Nyumbani binti yangu akaanza kuhesabu vidonge vyangu, na kuniambia nifungue mdomo aone kama nimemeza. Mimi niliyemlisha uji kwa kijiko! Nikasema moyoni, kama dawa haifanyi kazi na watu hawaniamini, nameza kwa nini? Nikaacha chupa ya dawa chini ya godoro, nikaenda kwa dada yangu kule Rejaf, kulima mboga. Hapo ndipo nilipoanguka. Sikusukumwa na mtu, nilikasirika tu.

Mwezi haukuisha mdomo ukajaa vidonda, hata asida, ugali wetu laini, sikuweza kumeza. Dada akanipakia kwenye raksha, bajaji ya huku kwetu, akanirudisha kliniki. Na nani nakuta kwenye benchi lile lile? Wajina. Amekonda, shingo imekuwa kama ya kuku, anakohoa. Nikamuuliza majibu yake yalisemaje.

"Safi kabisa, walinipongeza. Lakini wajina, mimi dawa nilikuwa naruka. Na mwili unaisha."

Nikaikumbuka siku ile, nani alikaa wapi, nani aliitwa baada ya nani. Nikakumbuka na kitu kingine. Nilipoingia, chupa za damu zilikuwa zimeshaandikwa na kupangwa mstari, kufuata foleni. Na aliyeingia kwanza alikuwa yeye, basi damu yake iliingia chupa yangu, na yangu ikaingia yake.

Nikainuka na vidonda vyangu mpaka dirisha la maabara. Kijana wa pale akasema, "Haboba, mashine haikosei." Nikamjibu, "Mashine haijakosea. Ni mimi niliyempisha mtu."

Ndani alikuwepo mkuu wa maabara, mwanamke, pamoja na mkufunzi aliyeletwa na mradi wa wafadhili, ule unaotuletea dawa, kuwafundisha kazi. Nilijua nitafukuzwa. Yule mama akavua glavu, akaniambia nikae, nieleze toka mwanzo. Akafungua kitabu cha foleni, akaweka kidole kwenye jina langu, kisha kwenye jina la wajina. Yako sawasawa, namba za kadi tu ndizo tofauti. Halafu akachukua daftari jingine, akaanza kuandika.

"Unaandika nini?"

"Kosa letu, haboba. Kila kosa linaandikwa humu."

"Mtu anaandika kosa lake mwenyewe?"

"Lisipoandikwa litarudi."

Ndugu zangu, mimi nimeishi kambini, nimeishi mjini, nimepita ofisi nyingi. Mtu kuandika kosa lake kwa mkono wake, tena mgeni anatazama, sijawahi kuona.

Wajina alitolewa damu upya siku ile ile. Majibu yakaonyesha kwamba virusi vilivyopanda ni vyake. Walimwekea mtu wa kukaa naye na kumwelekeza, wakambadilishia dawa. Mimi walinirudisha kwenye dawa zangu, na baada ya miezi mitatu nikapimwa tena. Binti yangu alikuwepo majibu yakisomwa. Virusi havionekani. Aliinama, akasema, "Malesh, mama." Nikamwambia na mimi nisamehe, nilikukimbia.

Siku hizi pale chupa haiandikwi kabla hujakaa. Unataja mwenyewe majina yako matatu, wanatazama kadi, wanaandika huku unaona. Hata friji ina karatasi mlangoni, inapimwa joto asubuhi na jioni, kama mgonjwa.

Namshukuru yule mkuu na daftari lake. Namshukuru mkufunzi, na waliotoa mali yao huko mbali bila kutujua. Namshukuru dada yangu na raksha yake. Kijana wa dirishani naye namshukuru, ndiye anayenitoa damu sasa.

Nawasikia mnavyolalamika, "Wananijua miaka yote, bado wananiuliza jina!" Wewe jibu tu. Taja lako, la baba na la babu, toa na kadi. Na ukikasirika, kasirika huku unameza dawa.

Wajina yupo, amenenepa, ananishinda kwa kelele. Nampisha bombani, nampisha kanisani, hata chapati ya mwisho namwachia. Lakini mlango wa maabara, hapana. Pale kila mtu aingie kwa zamu yake na damu yake.